Kutoka Mwanza hadi Kampala kupitia New York

Mzigo unaotoka Port Bell kuja Mwanza huvuka Ziwa Victoria moja kwa moja. Fedha ya kuulipia mzigo huo haivuki ziwa. Huondoka Mwanza ikiwa shilingi ya Tanzania, hugeuzwa dola, huandikiwa ujumbe unaopita katika mtandao wa SWIFT wenye makao yake Ubelgiji, huingia katika vitabu vya benki kubwa ya New York, hukatwa, hurudi Afrika, hugeuzwa tena shilingi, safari hii ya Uganda, hukatwa kwa mara nyingine, ndipo humfikia aliyeuza. Na wako watu wenye elimu zao, waliokalia viti vya kuzunguka katika ofisi zenye viyoyozi, wanaouita utaratibu huo kuwa ni kawaida ya biashara.

Kawaida ya nani? Si ya mnunuzi wa Mwanza, wala si ya muuzaji wa Kampala, kwa maana hakuna hata mmoja wao anayehitaji dola. Mmoja anazo shilingi za Tanzania, mwingine anataka shilingi za Uganda, na nchi zao ni wanachama wa Jumuiya moja kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1999. Dola imeingia kati yao mfano wa dalali ambaye hakuitwa na mwenye mali wala na mteja, akakaa, akadai chake.

Na uchukuliwe mfano wa kampuni ndogo ya watu sita, inayonunua nyavu Kampala na kuwauzia wavuvi wa Ukerewe. Ankara yake ni ya dola 800. Ada za benki, ya huku, ya katikati na ya kule, hazipungui kwa sababu mteja ni mdogo. Nyingi ni za kiwango kimoja kwa wote. Zikifika dola 40 kwa jumla, kampuni ya madini inayopeleka dola milioni moja haitahisi kitu, hata mhasibu wake hatanyanyua kalamu. Kwa kampuni ya nyavu hiyo ni sehemu moja katika ishirini ya mali yote, na biashara ya nyavu haina faida nene kiasi hicho. Hapo bado haijahesabiwa tofauti baina ya bei ya kununulia fedha na bei ya kuuzia, ambayo hukatwa mara mbili. Kisha, ikiwa fomu ilijazwa kwa namna ya kugawana gharama, na karani wa dirishani aghalabu hamwelezi mteja maana yake, benki ya katikati hujikatia chake njiani. Fedha inafika pungufu, na muuzaji wa Kampala anauzuia mzigo kwa sababu ya dola kumi na tano zilizobaki New York. Kuzituma hizo kumi na tano ni kulipa ada upya.

Lipo na jambo la saa. Benki ya Mwanza inapofungua milango asubuhi, New York ni usiku wa manane. New York inapoamka, karani wa Mwanza anajitayarisha kufunga daftari. Siku ya Shukrani ya Wamarekani, ambayo huangukia Alhamisi ya nne ya mwezi wa Novemba, mfumo wa malipo wa benki kuu yao hufungwa. Mvuvi wa Ukerewe, ambaye hajapata kuonja bata mzinga, husubiri nyavu mpaka wenyewe wamalize karamu.

Balaa kubwa zaidi ni jina. Kila malipo ya dola hulinganishwa na orodha za watu na makampuni yaliyowekewa vikwazo, na kazi hiyo hufanywa na mashine isiyojua tofauti baina ya Salim na Salim. Kutoka Lamu hadi Kilwa majina ya Mohamed, Abdallah, Hassan na Salim ni mengi kama minazi. Mtu ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa nchi yake fedha zake huzuiliwa kwa siku au kwa majuma, akitakiwa aeleze yeye si nani. Hupelekewa maswali kwa njia ya benki yake, naye huyajibu kwa njia hiyo hiyo, na kila jibu huzaa swali. Hakuna mahali anapoweza kwenda kusimama mbele ya binadamu na kusema: tazama, huyu ndiye mimi. Aliyeagiza fedha zake zizuiliwe hamjui, hana anwani yake, na hawezi kumshitaki.

Chanzo cha ukali huu inafaa kijulikane, kwa sababu kimefichwa nyuma ya maneno mazito ya kitaalamu. Mwezi wa Desemba 2012 benki ya HSBC ilikubali kulipa dola bilioni 1.9 kwa serikali ya Marekani. Kosa lilikuwa ni kuacha fedha za magenge ya dawa za kulevya ya Mexico zipite katika vitabu vyake, pamoja na kuvunja sheria za vikwazo. Hakuna mkubwa hata mmoja wa benki hiyo aliyepandishwa kizimbani kwa kosa hilo. Mwaka 2014 BNP Paribas ya Ufaransa ilikiri kosa la kuvunja vikwazo na kutozwa karibu dola bilioni tisa. Benki kubwa zikashikwa na hofu. Lakini hofu hiyo hazikuielekeza kwa wateja wao wakubwa, maana mteja mkubwa ana faida. Zilitazama chini, zikawaona wadogo, zikapiga hesabu: kumchunguza mdogo kunagharimu kiasi fulani, ada zake zinaleta kiasi kidogo kuliko hicho, na afungiwe mlango.

Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2013, pale Barclays ya Uingereza ilipotangaza kufunga akaunti za makampuni yapatayo 250 ya kutuma fedha, ikiwamo Dahabshiil, ambayo Wasomali wengi waliitegemea kupeleka fedha za chakula na ada za shule nyumbani. Somalia wakati huo haikuwa na mfumo wa benki wa kuaminika wa kuchukua nafasi hiyo. Ilibidi Dahabshiil iende Mahakama Kuu ya London, ambayo Novemba mwaka huo ilitoa amri ya kuzuia kwa muda akaunti yake isifungwe. Kampuni kubwa ilikuwa na mawakili. Zile ndogo zilikwenda kimya.

Kadhalika benki za nchi maskini zilianza kuachwa na benki washirika, yaani benki za ng'ambo zinazowawekea akaunti za dola na euro. Kwa hesabu za Benki ya Malipo ya Kimataifa, yenye makao Basel, idadi ya benki washirika zinazofanya kazi duniani ilipungua kwa karibu asilimia 20 kati ya mwaka 2011 na 2018. Benki inayobakiwa na mlango mmoja wa kutokea haiwezi kubishana na bawabu. Hukubali ada anayoitaja, na ikiambiwa iwapunguze wateja wadogo wanaolipa nje, huwapunguza.

Msomaji asidhani kwamba hili ni jambo la Mwafrika peke yake, ingawa kwake limekuwa kali zaidi. Katika Uingereza yenyewe, kamati ya Bunge inayosimamia mambo ya Hazina ilieleza mwezi Februari 2024 kwamba benki kubwa nane zilikuwa zimefunga akaunti zaidi ya 140,000 za biashara ndogo na za kati. Kwa hiyo fundi wa Birmingham na mchuuzi wa Mwanza wamo katika kapu moja. Tofauti ni kwamba wa Birmingham analo Bunge linaloziita benki hizo na kuzihoji.

Kuna wanaojibu kwamba lawama zote hizi ni za bure, kwani fedha haramu ziko na hapana budi zizuiwe. Ni kweli ziko. Hata Tanzania ilikuwa na FBME, benki iliyopewa leseni Dar es Salaam huku sehemu kubwa ya shughuli zake ikiwa Cyprus. Julai 2014 Wizara ya Fedha ya Marekani iliitaja kuwa ni tishio kubwa la utakatishaji wa fedha, na Mei 2017 Benki Kuu ya Tanzania ikaifutia leseni. Hilo halifichiki. Lakini FBME haikuwa kampuni ya nyavu. Ilikuwa ni benki, yenye mawakili wa kimataifa, na iliendesha mambo yake kwa miaka mingi wakati muuza asali wa Tabora akitakiwa alete kivuli cha tatu cha cheti kile kile.

Na wanaoandika sheria hizi wazifuate wenyewe basi. Chombo kiitwacho FATF, kilichoundwa mwaka 1989 na mataifa saba tajiri na chenye makao yake Paris, huweka nchi katika orodha ya uangalizi, ambayo wengi huiita orodha ya kijivu. Uganda ilikaa humo kuanzia Februari 2020 hadi Februari 2024. Tanzania iliingizwa Oktoba 2022, ikatolewa Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024. Katika kutimiza masharti, Tanzania ilitunga mwaka 2020 sheria inayozitaka kampuni zimtaje kwa BRELA mmiliki manufaa, yaani mtu hasa anayefaidika nyuma ya jina la kampuni, na kampuni ya watu sita ya Mwanza ikajaza fomu. Marekani nayo ilitunga sheria ya namna hiyo mwaka 2021, ikaanza kutumika Januari 2024, kisha Machi 2025 Wizara yake ya Fedha ikaziondolea kampuni za Kimarekani wajibu huo. Kwa maneno mengine, muuza nyavu wa Mwanza huthibitisha umiliki wake ili dola zake zipite New York, na kampuni iliyosajiliwa Delaware, mwendo wa saa chache kutoka New York hiyo hiyo, haina lazima ya kuiambia serikali yake kuu ni ya nani. Marekani haijapata kuwekwa katika orodha hiyo.

Matokeo ya ukali wa upande mmoja ni kinyume cha yale yaliyokusudiwa. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayeshindwa kulipa Guangzhou kwa benki haachi kununua. Huchukua noti akazifunga kiunoni, akapanda ndege. Au humtafuta mtu wa hawala, akamkabidhi shilingi hapa, na mwenzake akatoa fedha kule. Sheria ya Tanzania inamtaka msafiri mwenye dola 10,000 au zaidi azitangaze mpakani, lakini sheria haimlindi asiporwe hotelini. Watu wa hawala wengi ni waaminifu kuliko wanavyosemwa, na kazi yao ni ya kale. Hata hivyo fedha inayopita kwao haionekani katika vitabu vyovyote. Hivyo sheria iliyotungwa ili fedha zionekane imezisukuma fedha halali gizani, zikakae pamoja na zile za wezi.

Lakini lingekuwa kosa kuzitupia New York na Paris lawama zote na kuosha mikono. Sehemu kubwa ya aibu hii imo ndani ya Afrika Mashariki, katika meza za watumishi wenye mamlaka ya kuiondoa.

Tangu mwaka 2014 Jumuiya ya Afrika Mashariki inao mfumo wake wa malipo, EAPS, unaounganisha mifumo ya benki kuu za nchi wanachama, ukianza na Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa mfumo huo mtu hulipa kwa sarafu za nchi hizi, na fedha hufika siku hiyo hiyo bila ya kuiona New York. Umejengwa, umezinduliwa kwa hotuba, na picha zimepigwa. Sasa waulizwe wafanyabiashara wa Namanga, Mutukula na Sirari ni wangapi wamepata kuusikia. Waulizwe makarani wa madirishani ni mara ngapi wamempa mteja mdogo fomu yake badala ya fomu ya SWIFT. Benki ya biashara haina haraka ya kuutangaza, kwa kuwa faida yake imo katika kununua na kuuza dola, na hakuna dalali anayemwonyesha mteja njia ya kumkwepa. Hilo halishangazi. La kushangaza ni kwamba wenye kusimamia benki wameliacha.

Wakubwa wa benki wana hoja moja ya maana, na yastahili kujibiwa. Husema: nchi moja huuza zaidi kwa jirani kuliko inavyonunua, kwa hiyo benki zake zitajaa sarafu ya jirani ambayo hazina pa kuipeleka. Hoja hiyo ilikwisha jibiwa miaka arobaini iliyopita. Mwaka 1984 nchi za Eneo la Biashara la Upendeleo, PTA, lililokuja kuwa COMESA, zilifungua Nyumba ya Hesabu huko Harare. Wafanyabiashara walilipana kwa sarafu zao, benki kuu zikaandika nani anamdai nani, na mwisho wa kipindi ikalipwa kwa fedha za kigeni ile tofauti tu iliyobaki. Ilibuniwa wakati wa dhiki kubwa, nchi zikiwa hazina dola za kununulia hata mafuta. Ilipofika miaka ya 1990 na milango ya fedha za kigeni ikafunguliwa, utaratibu huo ukapoteza wateja, maana dola zilionekana zimekuwa rahisi. Mwaka 2023 dola zilipoadimika tena Dar es Salaam na Nairobi, waagizaji wadogo ndio waliokaa mwisho wa foleni, na somo la Harare lilikuwa limekwisha sahauliwa.

Wazee wanakumbuka la zamani zaidi. Hadi mwaka 1966 shilingi moja ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilitumika Mwanza, Kampala, Mombasa na Unguja bila kubadilishwa. Bodi ile ilikuwa chombo cha mkoloni, akiba yake ikiwa ni paundi za Uingereza, na hakuna haja ya kuililia. Lakini ni ajabu kwamba mkoloni, kwa manufaa yake, alimrahisishia duka dogo kulipa ng'ambo ya ziwa kuliko ilivyo chini ya serikali huru. Sarafu moja ya Jumuiya iliahidiwa katika itifaki iliyotiwa saini Kampala Novemba 2013, iwe tayari mwaka 2024. Ahadi imesogezwa hadi 2031. Muuza nyavu hawezi kuweka rafu zikiwa tupu kusubiri 2031.

Tena serikali zenyewe zinatoa mfano gani? Bajeti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hupangwa kwa dola za Marekani. Nchi ambazo kila moja inachapa noti zake hukutana Arusha kuhesabiana kwa noti ya mwingine. Tanzania ilipopandisha mwaka 2013 ushuru wa barabara kwa malori ya Rwanda, ilitoka dola 152 ikaenda dola 500. Watu waligombana juu ya kiwango, wala haikusikika sauti ya kuuliza kwa nini lori la Kigali lilipe dola ili lipite Rusumo. Ofisa anayeandika waraka wa namna hiyo yumkini hana nia mbaya. Amezoea. Lakini kila waraka wake unaongeza mtu mmoja katika foleni ya kutafuta dola, na foleni hiyo huanza kumbana mdogo.

Wengine hutulizwa na simu. Ni kweli mwaka 2014 Tigo iliwawezesha wateja wa Tanzania na Rwanda kutumiana fedha kwa simu zikibadilishwa hapo hapo, na mwaka 2015 M-Pesa ya Tanzania ikaunganishwa na ya Kenya. Hayo ni mafanikio, na yalifanywa na nchi hizi bila kuomba ruhusa Basel. Ila mkoba wa simu umewekewa kikomo, nao unamfaa zaidi mtu anayempelekea mama yake fedha ya dawa kuliko kampuni inayotakiwa kuonyesha ankara, kodi na stakabadhi ya forodha. Mfumo wa bara zima, PAPSS, uliozinduliwa Accra Januari 2022 na kuanzia nchi za Afrika Magharibi, unafuata njia iliyo sawa. Ukipewa makarani wale wale wenye mazoea yale yale, utakwenda kulala pale ilipolala EAPS.

Shule nazo zina sehemu yake. Kijana hufundishwa kueleza faida tano za biashara ya kimataifa akazikariri vizuri, na bado akamaliza masomo bila ya kuona fomu ya kutuma fedha nje wala kuelewa kwa nini ada ya katikati inamwangukia muuzaji. Mwalimu wa somo la biashara akiipata fomu hiyo benki na kuiweka ubaoni kipindi kimoja, atakuwa amewaepusha baadhi ya wanafunzi wake na hasara ambayo wazazi wao wanaipata leo.

Yanayotakiwa si mengi wala hayahitaji mkopo. Benki kuu za nchi hizi ziziamuru benki za biashara zibandike katika kila tawi, kwa Kiswahili na kwa tarakimu, gharama ya kulipa Kampala, Nairobi au Kigali kwa EAPS kando ya gharama ya kulipa kwa SWIFT, na karani atakiwe amwonyeshe mteja zote mbili kabla hajatia saini. Kampuni iliyokwisha chunguzwa na benki moja kwa kumbukumbu za BRELA na kitambulisho cha Taifa isichunguzwe upya kwa kila ankara ya dola mia tano. Mteja ambaye malipo yake yamezuiliwa apewe sababu kwa maandishi, na siku zihesabiwe. Tofauti za mizani baina ya nchi na nchi zichukuliwe na benki kuu kama zilivyochukuliwa Harare, badala ya kuachiwa benki ndogo zinazoziogopa. Na bajeti ijayo ya Jumuiya isomwe Arusha kwa shilingi, faranga na pauni za wenye Jumuiya, ili wahasibu wa serikali wawe wa kwanza kuutumia mfumo ambao wananchi wanaambiwa upo.